Kisanduku cha Dirisha la Nyuma

Mlioniacha wiki iliyopita nimeshika ngazi koridoni, bado nilikuwa nimeishika, na mikono imeanza kufa ganzi. Mguu mmoja wa fundi ulikuwa umetoboa dari na kuning'inia juu ya kichwa changu. Mwenye mguu alikuwa humo juu gizani, akinituliza kwamba hakuna kilichoharibika.

Dari hiyo aliipigilia marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na mjane wake alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia kila kipande kinachodondoka. Mama mkwe wangu si mgomvi. Yeye anaguna. Aliguna mara moja tu, nikajua habari za dari hiyo nitazisikia mpaka naingia kaburini.

Kwa anayeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: duka langu la kushona lilikufa. Mume wangu akaenda kutafuta riziki kwenye kambi ya ujenzi wa bwawa, mbali huko, akatuacha mimi, watoto wetu wawili na mama yake. Mimi nikapata kazi ya kupokea simu za wateja nikiwa nyumbani, kwa kampuni inayouza majokofu. Kazi yenyewe ni ya majaribio. Nikithibitishwa, watoto wangu wanabaki nyumbani kwao na shuleni kwao. Nikikosa, nawapeleka kwa dada yangu, na mimi narudi kushona kwenye mashine za watu.

Adui wa kazi yangu ni waifai.

Ruta iko sebuleni, na sebuleni ndiko iliko televisheni ya mama mkwe na mashoga zake. Chumba pekee chenye utulivu ni cha nyuma kabisa, na waifai ikitoka sebuleni ilikuwa inafika jikoni imeshachoka. Nilishaipandisha ruta juu ya kabati. Nilishaizungushia karatasi ya fedha ya jikoni, eti nimeona kwenye video. Nilishanunua kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachorudia mawimbi, nacho kikanirudishia ubovu uleule kwa uaminifu mkubwa.

Ndipo nikamwita fundi. Mtaani anaitwa Mnara, kwa sababu ya urefu wake.

Mnara aliuchomoa mguu darini, akateremka ngazi na vumbi kichwani, akaomba maji. Alipomaliza kunywa alinieleza kosa langu bila kunionea huruma. Kile kidude cha ukutani, alisema, kinaomba mawimbi kutoka kwa ruta halafu kinayagawa, sasa kikipewa kidogo kitagawa nini? Yeye alikuwa amevuta waya kutoka kwenye ruta, umepita darini, umetokea chumba cha nyuma. Mwisho wa waya akachomeka kisanduku cheupe chenye ukubwa wa sahani ya chai, akakiweka dirishani, kwa kuwa soketi ya chumba ilikuwa hapohapo.

"Tukipe jina gani?" akaniuliza, simu yake mkononi.

Nilimwambia waifai yetu inaitwa Lipa Kwanza. Mume wangu ndiye aliyeipa jina hilo, kuwakomesha majirani waliokuwa wakiomba nywila kila wakipita mlangoni. Nikauliza kama hiki nacho tukiite Lipa Pili.

Mnara akatikisa kichwa. "Dada, weka jina lilelile na paswedi ileile. Ukitoka sebuleni kuja huku, simu inahama yenyewe, hata hujui. Simu yoyote inayoijua nyumba hii itaingia bila kubisha hodi."

Nikasema sawa. Jamani, nilisema sawa kama mtu anayekubali kuongezewa chumvi.

Aliyekataa ni mama mkwe. Yeye hakuwa na shida na kisanduku, alikuwa na shida na dirisha. Alisema kitaleta radi. Fundi akamjibu hakileti. Akasema kitapigwa na jua. Fundi akavuta pazia. Akasema basi kitawanufaisha watu wa nyuma, maana dirisha hilo linatazama ukuta wa mpaka, na ng'ambo ya ukuta kuna safu ya vyumba vya kupangisha vya jirani yetu. Mnara akacheka, akasema kweli mawimbi yatavuka ukuta, lakini asiye na paswedi ataishia kuyatazama tu.

Mama mkwe akaguna, akaenda zake jikoni. Mimi nikaona ni uzee.

Siku ya kwanza kisanduku kilifanya kazi mpaka nikaogopa. Simu ziliingia, nikajibu, hakuna iliyokatika. Mwanamke mmoja alinililia kuhusu friji iliyokuwa ikinguruma, nikamtuliza, nikamwambia aisogeze kidogo kutoka ukutani, akaniombea dua ndefu. Msimamizi wangu, ambaye sijawahi kumwona sura, alinipigia baadaye. Huyu mama ana sauti laini, na kila akitaka kukuchoma huanza na neno moja, ndiyo maana mimi kichwani namwita Bibi Samahani.

"Samahani, leo nimekusikia vizuri," akasema.

Hiyo kwake ni sifa. Nilitamani kumwita Mnara nimkabidhi ng'ombe.

Furaha yangu haikukaa. Siku iliyofuata nilikuwa na mzee mmoja hewani, friji yake imevuja imelowesha jiko zima, anapanda na kushuka kwa hasira. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kumpoza. Mara kimya. Nikamwita, kimya. Nikatazama kompyuta, inaniambia hakuna mtandao.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa dirishani, amechomoa kisanduku, amechomeka pasi. Mkononi ana mashati, amejitandikia shuka kitandani, yuko tayari kwa kazi.

"Mama, nipo kazini," nikasema, na nilijitahidi sana kuisema kwa adabu.

"Soketi ni hii hii moja mwanangu, na mimi nina mashati ya mume wako. Yataliwa na nondo kule kabatini."

"Shati lisilovaliwa linapigwa pasi la nini, Mama?"

"Ili akirudi."

Hapo nikanywea. Niliona nimemkosea mama wa watu anayemkumbuka mwanawe. Nikasubiri amalize kola, nikarudisha plagi, na kisanduku kikachukua muda wake kupepesa taa zake kabla ya kuamka. Mzee wa friji alikuwa ameshanishtaki.

Bibi Samahani alinipigia kabla sijanywa hata maji. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mtoto, kwamba kampuni haiwezi kumweka mtu ambaye wateja wanapotea mikononi mwake. "Samahani dada, ukikatika tena kabla majaribio hayajaisha, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Niliweka simu chini, nikaangalia soketi ile moja kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilikwenda dukani nikanunua waya wa soketi nyingi. Nikaurudisha siku hiyohiyo, kwa sababu pasi ya mama mkwe na kisanduku vikikaa pamoja, umeme wa chumba kizima ulikuwa unakatika. Nyumba hii ina nyaya za enzi za marehemu. Nikaishia kuifunga plagi ya kisanduku ukutani kwa gundi ya mkanda, nikaizungusha na kuizungusha mpaka ikaonekana kama mguu wa mgonjwa.

Jioni mume wangu alipiga simu ya video, kama kawaida yake. Lazima niwaeleze kuhusu simu zake. Tangu aende kambini alikuwa ananijia vipandevipande. Leo jicho, kesho nusu ya mdomo, sauti kama mtu aliyefunikwa sufuria, na kabla hatujasalimiana bando lake limekwisha. Watoto walikuwa wameshazoea kumwambia "baba umeganda."

Lakini jioni hiyo alitokea mzima. Niliona mpaka ndevu zilizoanza kuota mvi. Moyo wangu uliruka, na sioni haya kulisema hilo kwenye gazeti.

"Leo umekuwaje?" nikamuuliza.

"Wametuwekea mnara mpya huku kambini."

Tukaongea kwa raha zetu, mimi nimejilaza kwenye kochi la sebuleni. Nikamsimulia habari za dari, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamsimulia habari za kisanduku, akaniuliza nimekiweka wapi. Nikamwambia dirishani, chumba cha nyuma, na mimi ndiko ninakofanyia kazi, nimetazamana na ukuta wa mpaka.

Akatazama pembeni, kisha akanirudia.

"Si ungehamia mbele, mama watoto? Ukae karibu na ruta yenyewe. Msikilize mama, anakutakia mema."

Iliniuma. Mume yuko mbali kiasi kile, halafu anapata nafasi ya kunisikia vizuri kwa mara ya kwanza, na anaitumia kumtetea mama yake. Nilifungua mdomo nimjibu, akaganda. Mdomo wazi, kama anayesubiri kupewa dawa ya kijiko. Nikadhani ni mtandao wangu, lakini ujumbe wa dada yangu ulikuwa unaingia mmoja baada ya mwingine, akiniuliza majaribio yanaendaje.

Nikainuka kwenda kunywa maji, na njiani nikanusa pasi. Mama mkwe alikuwa ameibandua gundi yangu yote, anapiga pasi suruali.

Hapo nilisema. Sikutukana, lakini nilisema. Nilimwambia ile si plagi, ni ada ya shule ya wajukuu zake. Alinisikiliza, akachomoa pasi, akarudisha kisanduku, akaguna. Nilipofika sebuleni, taa za kisanduku bila shaka zimeshaamka, na mume wangu naye akawa ameamka, anafuta paji la uso.

"Mnara wetu umeyumba kidogo," akasema.

Nikamwamini. Nilikuwa na hasira na pasi, na hasira hiyo haikuniachia nafasi ya kufikiri jambo jingine.

Kwa ajili ya amani nilikubali kuhamia mbele. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mwisho ya majaribio, na mama mkwe aliamka na wema wa ajabu. Alizima televisheni. Mashoga zake aliwarudishia mlangoni. Alinitandikia meza kitambaa, akaniletea mto wa kuegemea mgongo, akaniambia niombe Mungu na nisiende huku na huku.

Nikavaa vifaa vyangu vya masikioni, nikapokea mteja wa kwanza. Ng'ambo ya barabara, mchomelea mageti akawasha mashine yake ya kukatia vyuma.

Sitaki kuwaeleza sauti ile. Mteja aliniuliza kama niko salama. Bibi Samahani akaingia katikati, akauliza kama huko niliko kuna vita. Nikafunga madirisha, haikusaidia. Mama mkwe alikuwa anaoga. Basi nikakumbatia kompyuta yangu na kila kitu, nikapita koridoni chini ya lile tundu la dari, nikaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango taratibu. Nikakaa kando ya dirisha, ukuta mweupe nyuma yangu. Nikaifunga plagi kwa gundi upya.

Huko mambo yakaninyookea. Nilijibu, nikatuliza, nikapanga mafundi waende kwa watu. Mpaka mchana sikuwa nimekatika hata kidogo, na Bibi Samahani akaniambia amebaki mteja mmoja tu, atakayeunganishwa muda si mrefu, na kwamba atamsikiliza yeye mwenyewe mwanzo hadi mwisho. "Samahani, jaribu kutopumua sana," akaongeza.

Nikawa nangoja. Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Mume wangu, simu ya video.

Najua sikupaswa kupokea. Lakini alikuwa ameniahidi kunipigia mchana aniombee heri, na mtu aliye mbali ukimkatia simu yake ya heri unabaki na deni la moyo. Nikafunga kinasa sauti cha kompyuta, nikasogeza kifaa sikio moja nibaki namsikia msimamizi, nikapokea.

"Mke wangu mfanyakazi," akasema, anatabasamu. "Umekaa mbele?"

"Niko mbele," nikamdanganya, ili asianze mahubiri.

Alionekana kupata ahueni. Akaanza kuniambia jinsi atakavyojivunia, jinsi atakavyowaeleza wenzake kambini, na mimi nikaanza kulengwa na machozi, maana hakuna mwingine aliyekuwa amenitia moyo siku hiyo.

Nje, kwenye kichochoro cha nyuma, akapita muuza vyombo na kipaza sauti chake. Sufuria, ndoo, mabeseni. Akakohoa ndani ya kipaza sauti, akaendelea. Sufuria, ndoo, mabeseni.

Halafu nikasikia kutoka kwenye simu. Sufuria, ndoo, mabeseni. Kikohozi. Sufuria, ndoo. Maneno yakifuata nyuma kidogo ya yale ya nje, kama mtoto anayemrudishia mwalimu maneno.

"Huko kuna nini?" nikauliza.

"Wapi?"

"Hiyo sauti."

"Aa, muuza vyombo. Siku hizi wanafika mpaka kambini."

Nikajiambia ni simu yangu, inachukua sauti ya huku na kunirudishia. Mambo hayo hutokea, wateja wangu hulalamika kila siku kwamba wanajisikia wenyewe. Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini maneno ya Mnara yalikuwa yameshanirudia. Simu yoyote inayoijua nyumba hii. Nywila ya Lipa Kwanza ni nani aliyeitunga? Na jana jioni, pasi ilipochomekwa chumba hiki, nani aliganda?

Mume wangu alikuwa akiniangalia na tabasamu lake, akaniuliza kama nina hofu. Nikamwambia kidogo.

Nikabonyeza simu yangu, nikazima waifai, nikabaki na bando langu mwenyewe. Sura yake ikachafuka, ikarudi. Sasa simu yangu haikuwa na habari yoyote na kile kisanduku. Kikizimwa, mimi nitabaki hewani. Na mtu aliye kwenye kambi ya bwawa, chini ya mnara wao mpya, naye atabaki hewani. Hakuna kitakachomgusa.

Sikioni, Bibi Samahani akanong'ona. "Yuko tayari. Namuunganisha sasa."

Nikaiangalia plagi. Ilikuwa imefungwa vizuri, kazi ya mikono yangu. Ningeweza kungoja. Mtu mwenye akili timamu angemhudumia mteja wa mwisho, akathibitishwa kazini, akawalaza watoto wake kwao, halafu kesho akachomoa plagi anavyotaka. Haya yote niliyaona wazi kabisa. Lakini ningekaa vipi nimpoze mtu joto la friji, na mimi sijui mume wangu yuko wapi? Miezi yote ile nililala na simu kifuani nikimwombea dhidi ya mafuriko na mabomu ya kupasulia miamba.

"Mama watoto, mbona umenyamaza?" akauliza.

"Nipo," nikasema, na nikavuta.

Gundi ililia ilipobanduka. Taa za kisanduku zikazimika zote. Sikioni nilisikia "Sama," kisha hakuna kitu. Kwenye kompyuta maandishi mekundu yakatokea, na mteja wangu wa mwisho akawa amekwenda, na kazi nayo.

Kwenye simu, mume wangu alikuwa ameganda, tabasamu limebaki upande mmoja.

Bando langu lilikuwa hai. Ujumbe wa dada uliingia juu ya paji la uso wake, unauliza: vipi, umepita?

Sikusogea. Pazia lilikuwa limefungwa. Kisha ng'ambo ya ukuta mlango ulifunguliwa, ndala zikaburuzwa mpaka karibu kabisa, na sauti ikavuka pale juu ya ukuta. Haikuwa sauti ya mtu anayejificha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshazoea, mwenye kukereka kidogo, kama anayesema jambo la kila siku.

"Mama, umechomeka pasi tena?"

Mlango wa chumba ulifunguka nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama na mashati mkononi, pasi yake baridi, waya bado umeizunguka. Alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu mwanawe. Ndipo aliponiona nimekaa pale, na plagi mkononi.